Maziwa ya korosho yanaharibika japo yamechemshwa, je mwanga unaweza kuonyesha spora?

Binti_Chuno:
Habari zenu wakuu, na wakubwa shkamooni. Niko Mtwara mjini, mwaka wa mwisho masomo ya maabara, risechi yangu nimeipeleka kwa mama mdogo ambaye yeye na wenzake wana kikundi cha kutengeneza maziwa ya korosho. Wanachukua zile zilizovunjika ambazo hazipati bei, wanaloweka usiku, asubuhi wanasaga, wanachuja na kitambaa, wanachemsha mpaka yanatokota haswa halafu wanajaza chupani yakiwa bado ya moto. Usafi wao sina neno, mimi mwenyewe nilivuliwa viatu mlangoni. Lakini chupa ikikaa nje ya friji siku chache tu unakuta yamekatika, juu maji chini mashapo, nyingine ukifungua kifuniko kinaruka, na kuna nyingine hazina hata harufu ila zimeganda.

Mwalimu wangu kasema ni spora, bakteria wa jamii ya Bacillus hawafi kwa kuchemsha. Sawa nimekubali. Shida ni kwamba kuotesha kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, nasubiri siku nzima au mbili kila sampuli na pleti zenyewe tunagawana darasa zima. Sasa nimesoma mahali kwamba kuna watu wanazijua spora kwa mwanga tu, wanapiga leza au taa ya UV wanasoma spektra, yaani mchoro wa mwanga uliomezwa au uliotoka, palepale. Hii kitu ni kweli au ni mambo ya wazungu na mitambo ya bei ya nyumba? Na je naweza kuyachukua maziwa ya mama mdogo nikayamulika hivyohivyo yalivyo? Chuoni tuna UV-Vis ya kawaida, mashine ya kupima mwanga unaomezwa na sampuli, na nimeambiwa kuna sehemu naweza kuomba FTIR, ile ya infraredi. Msinicheke jamani.

Mzee_wa_Ndanda:
Mwambie mama mdogo anunue presha kuka, mengine yote mbwembwe. Leza haichemshi maziwa.

Mkemia_Mnazi:
Mzee wa Ndanda hajakosea ila binti kauliza swali la maabara, tumjibu la maabara.

Hii kitu ni kweli kabisa na ina miaka mingi. Iko hivi, bakteria wa aina hiyo akiona chakula kimeisha anajifungia, anatengeneza ndani ya mwili wake kiini kilichozungushiwa matabaka, ndo spora yenyewe, maji ya ndani anayapunguza sana na badala yake anajaza kemikali inaitwa asidi ya dipikoliniki, tuiite DPA, imeshikana na kalisiamu. Na haijai kidogo, inafika asilimia 5 hadi 15 ya uzito mkavu wa spora. Spora moja ya Bacillus subtilis ina molekuli za DPA zaidi ya milioni mia. Halafu utamu wake sasa, bakteria huyohuyo akiwa yuko macho anakula na kugawanyika hana DPA. Kwahiyo njia karibu zote za mwanga unazozisikia hazimtafuti bakteria, zinaitafuta DPA, ukiliweka hilo kichwani mengine yote yanafuata.

Njia ambayo wewe unaweza kuigusa ni ya terbiamu. Ni metali unayoinunua ikiwa chumvi, kloraidi yake, unayeyusha kwenye maji. Peke yake ukiimulika na UV inawaka kidogo mno maana haijui kumeza mwanga. DPA ndo inajua kumeza, hasa nanomita 270 hadi 280 hapo. Sasa vikishikana DPA inameza ule mwanga inaipasia terbiamu, na terbiamu inautoa ukiwa kijani, mstari mkubwa uko nanomita 545 na mwingine kwenye 490. DPA ikiwa nyingi ile kijani unaiona kwa macho yako gizani. Na kuna kitu kizuri zaidi, terbiamu ikishawaka inachelewa kuzima, inakaa kama milisekunde moja au mbili, wakati takataka nyingine zote zinazowaka kwenye sampuli zinazima ndani ya nanosekunde, kwahiyo mashine yenye uwezo wa kusubiri kidogo kabla ya kusoma inakuletea kijani cha terbiamu tu bila makelele ya vitu vingine. Wamarekani ndo waliivalia njuga sana baada ya zile barua zilizotiwa spora za kimeta za 2001, watu 22 waliugua na 5 wakafa, kila mtu akataka kifaa cha kusema ndani ya dakika chache kama unga ulioko kwenye bahasha una spora au ni unga wa ngano.

Ila DPA iko ndani imefungiwa, lazima uitoe kwanza. Unaweka sampuli kwenye otoklevu, presha kuka ya maabara, au unazidanganya spora ziamke kwa kuzipa L-alanini, ikiamka tu inaimwaga DPA yote nje.

Halafu mambo matatu yanayowaangusha watu. UV-Vis yenu haitoshi, hiyo inasoma mwanga uliomezwa kwa mstari ulionyooka, wewe unataka fluorimita ambayo inakaa pembeni kusoma mwanga unaotoka. Kweli DPA yenyewe inaonekana kwenye UV-Vis pale 270, lakini protini na DNA nazo zinameza jirani hapohapo, kwenye maziwa hutaona kitu. Pili kyuveti, kile kichupa cha kuwekea sampuli kwenye mashine, ile ya plastiki ya kawaida inaumeza mwanga wa 280 wote kabla haujafika kwenye sampuli, na kioo cha kawaida vilevile, unatakiwa ya kwatzi. Mtu anakaa siku nzima anabadilisha kemikali kumbe mwanga haujawahi hata kuingia ndani. Tatu fosfeti. Terbiamu na fosfeti ni kama mtani na mtani wake, vikikutana vinashikana vinasahau kazi iliyovileta, DPA inakosa nafasi. Usitumie kabisa bafa ya fosfeti, tumia asetati. Na korosho yenyewe ina fosfeti ya kutosha, kwahiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana, usiyamulike maziwa yalivyo.

Binti_Chuno:
Asante sana mkuu umenifungua macho. Kumbe ndo maana kwenye yale maandishi walikuwa wanazungumzia kwatzi kwatzi nikajua ni urembo tu. Na hiyo FTIR je? Na Raman ndo nini maana inatajwa kila ukurasa.

Ticha_Masasi:
Hapo umeingia kwenye anga zangu, mimi nafundisha fizikia.

Raman ni jina la mtu, C.V. Raman wa India, aliiona mwaka 1928 akapewa Nobel 1930. Unapiga sampuli na mwanga wa rangi moja, siku hizi leza. Karibu mwanga wote unaosambaa unatoka na rangi ileile ulioingia nayo, ila fotoni chache mno, moja kati ya mamilioni, inatoka imepungukiwa nguvu kidogo kwa sababu imeiachia molekuli ikitikisika. Kiasi kilichopungua kinategemea molekuli gani na inatikisika vipi, kwahiyo kila kemikali ina mistari yake. DPA ya kwenye spora ina mstari mkali sana pale 1017 cm⁻¹, ule unatoka kwenye pete ya molekuli ikiwa inatanuka na kunywea, na kuna mingine kwenye 662, 824, 1395, 1572. Ukiuona 1017 umesimama peke yake kama huo kwenye bakteria, ni spora.

Kinachonifurahisha mimi ni hiki. Kuna ile koleo ya mwanga, leza inayofumbatwa na lenzi ya hadubini mpaka inakamata kitu kidogo kikaelea palepale, Arthur Ashkin kapewa Nobel 2018 kwa kazi hiyo. Spora ina ukubwa wa kama maikromita moja, inakamatika vizuri kabisa. Sasa watu wakaunganisha, leza moja inaikamata spora moja na hapohapo inaisoma Raman. Timu ya Peter Setlow na Yong-qing Li kule Marekani wamefanya sana hii. Unaiwekea spora chakula chake cha kuiamsha unakaa unautazama ule mstari wa 1017. Unakaa, haubadiliki kitu, unakaa tena, halafu ghafla unaporomoka na ndani ya dakika chache umeisha, DPA imetoka yote. Spora ya jirani yake iliyotoka kwenye chupa ileile inaweza kukaa masaa bila kujigusa. Ukiotesha kwenye agari hulijui hilo maana unaona koloni tu asubuhi, hujui nani aliamka mapema na nani alilala.

Na kwa mama mdogo hiyo tabia ina maana kubwa. Anachemsha leo zilizo macho zinakufa, zile zilizolala zinabaki, na moto wenyewe unazishtua ziamke zikiwa zimeshaachiwa chupa nzima bila mpinzani.

FTIR sasa. Hiyo inapima infraredi inayomezwa. Matatizo yake, kwanza maji yanameza vibaya sana pale kwenye 1640 hivi, juu ya mstari wa protini, kwahiyo sampuli lazima ikauke. Raman haisumbuliwi na maji kiasi hicho ndo maana wanaipenda kwa viumbe hai. Pili, kama FTIR utakayopewa ni ile ya kusagia sampuli na potasiamu bromaidi unakandamiza kidonge, pole, kwa hewa yetu hii ya pwani ile chumvi inanyonya unyevu ukiwa unaitazama, kidonge kinatoka na ukungu, lazima uikaushe kwenye oveni na ufanye haraka. Ombea wawe na ile ya kudondoshea juu ya almasi, hiyo unadondosha tone unaliacha likauke unasoma. Tatu, ukiweka maziwa yenyewe utaona mafuta pale 1745 na protini, basi, spora zimemezwa humo ndani kama hazipo.

Leza ya kijani usiitumie kwenye vitu vya mimea, vinawaka vyenyewe vinaifunika Raman yote, ndo maana kwenye bakteria wengi wanatumia nanomita 785.

Mifugo_Nachingwea:
Nimesoma hapa kimyakimya naomba nidandie. Mimi niko kwenye mifugo huku Nachingwea, tangu wafugaji walivyoanza kuingia Lindi na ng'ombe wengi, kila ng'ombe akifa ghafla na damu inatoka puani watu wanauliza kimeta. Sasa hiyo terbiamu si ndo dawa, napeleka kitaa cha UV porini namulika udongo napata jibu?

Mkemia_Mnazi:
Hapana kaka, na hapa ndo watu wanachanganya. DPA ni ileile kwa wote. Ya kimeta, ya subtilis wa kwenye majani makavu, ya pepopunda, ya yule Bacillus cereus wa kwenye kiporo cha wali, zote DPA. Terbiamu inasema hapa kuna spora, haisemi za nani. Na udongo wa kawaida wa Nachingwea umejaa spora za kila aina zisizo na madhara, utapata kijani kila unapopima. Kwenye bahasha nyeupe safi ilikuwa na maana kwa sababu bahasha haitakiwi kuwa na spora hata moja. Raman na FTIR wanajaribu kutofautisha aina kwa kuangalia spektra nzima na takwimu nzito, lakini hapo unahitaji maktaba ya spektra za bakteria waliooteshwa kwa hali zinazofanana, sio kazi ya porini.

Kwa kimeta utaratibu unaujua kuliko mimi, usipasue mzoga. Ndani ya mzoga uliofungwa bakteria bado si spora, ukiupasua hewa inaingia ndo wanajigeuza spora na udongo huo umeshauharibu kwa miaka mingi. Sampuli ya damu kwa utaratibu wenu, slaidi, PCR, maabara ya mifugo wapo.

Mifugo_Nachingwea:
Nimekupata. Watu wangu shida yao si kupasua tu, wanagawana na nyama. Haya endeleeni na korosho.

Maabara_Lindi:
Naomba nitie neno maana naona binti anaenda kuandika risechi nzima ya kijani halafu siku ya kutetea aulizwe swali moja akae chini.

Swali ni hili, ukipata DPA kwenye maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, spora ni hai au imekufa? Hujui. Spora inayouawa na joto la maji mara nyingi inakufa kwanza ikiwa bado imebeba DPA yake, kilichoharibika ni protini za ndani, DPA inavuja baadaye. Kwahiyo unaweza kupata kijani kingi kwenye chupa ambayo iko salama kabisa. Na ukipima DPA iliyovuja kwenye maji bila kuzipasua spora, unahesabu zilizokufa zikavuja pamoja na zilizoamka, utazitenganishaje.

Na upande wa pili ndo mbaya zaidi. Chukua spora elfu kumi kwenye mililita moja, kwa molekuli milioni mia kila moja, DPA inatoka kama nanomola mbili kwa lita, fluorimita nzuri na mikono misafi unaigusa hapo kwa shida. Mama mdogo haharibikiwi na spora elfu kumi kwa mililita, anaharibikiwa na spora moja iliyobaki kwenye chupa nzima, ikae kwenye joto la Mtwara, kesho ni mamilioni. Hiyo moja hakuna terbiamu itakayoiona. Agari au kuiacha chupa yenyewe kwenye inkubeta ndo inaiona, kwa kuiacha izaane.

Mkemia_Mnazi:
Hapo kwenye uhai nakubali asilimia mia, ila usimvunje moyo mtoto. Swali lake si lazima liwe chupa ni salama au si salama. Anaweza kuuliza mzigo wa spora unaingilia wapi. Korosho zinaokotwa chini ya mkorosho, zinakaa na udongo, zinabanguliwa, vumbi la ganda linagusa kokwa, halafu zinalowekwa usiku mzima kwenye joto. Ukipima maji ya kuoshea ya kwanza, ya pili, na ya kulowekea asubuhi, spora zinaweza kuwa nyingi za kutosha, mafuta ni machache kuliko kwenye maziwa, na zilizokufa huenda ni chache kuliko kwenye maziwa kwa sababu maziwa hayajachemshwa bado. Hapo mwanga una kazi.

Maabara_Lindi:
Hapo sawa, kwenye malighafi sina ugomvi. Ila kila sampuli ya terbiamu iende na pleti yake. Chukua sehemu, pasha nyuzi 80 kwa dakika 10, wale walio macho wafe spora zibaki, halafu otesha uhesabu. Hiyo ndo namba yako ya kweli, kijani unakilinganisha nayo. Na slaidi moja moja ya hadubini iliyotiwa rangi za malakaiti kijani na safranini, spora zinashika kijani miili inabaki nyekundu, huhitaji mtambo wowote na mtahini anapenda picha.

Ziada, kabla ya kupima zungusha kwenye sentrifuji, mwaga ya juu, suuza na maji yaliyokenekwa (distilled), rudia mpaka uone maji maangavu. Wanga wa korosho utashuka pamoja na spora, vumilia au tumia enzaimu. Na weka blanki mbili, yaani sampuli za kulinganishia, ya terbiamu na maji peke yake, na ya sampuli yako bila terbiamu, maana kuna vitu vya mimea vinawaka vyenyewe.

Binti_Chuno:
Mmenisaidia sana wakubwa zangu, yaani nimekuja na swali moja naondoka na sura mbili za risechi. Kwahiyo naandika hivi, maji ya kuosha na ya kulowekea, terbiamu upande mmoja na pleti za nyuzi 80 upande mwingine, maziwa ya chupani nayaotesha tu siyamuliki. Raman naiweka kwenye mapitio. Swali la mwisho, mama mdogo ananiuliza sasa hivi afanye nini maana Jumamosi kuna watu wanataka chupa.

Mzee_wa_Ndanda:
Nilisema mwanzo.

Maabara_Lindi:
Mzee leo kashinda. Presha kuka ile inayofika nyuzi 121 ndo inaua spora, kuchemka kwa kawaida kunaishia 100. Ila presha kuka ya nyumbani kwa chupa zilizojaa maziwa mazito joto linachelewa kufika katikati, asiikadirie kwa macho akaanza kuuza chupa za kukaa kabatini. Maziwa ya korosho hayana uchachu, na zisipokuwa na uchachu chupa zilizofungwa ndo sehemu anayopenda yule bakteria wa sumu ya botulizimu, huyo si wa kujaribia. Kwa Jumamosi hii aloweke kwenye friji badala ya mezani, abadilishe maji, achemshe, apoze haraka kwenye maji ya barafu, yaingie friji na yauzwe yakiwa ya baridi ya kunywa siku hiyohiyo. Na zile chupa ambazo kifuniko kinaruka asionje mtu, mwaga.

Ticha_Masasi:
Kuna yule John Tyndall, mwanafizikia wa mwanga, alikuwa anapitisha mwale kwenye sanduku ili aone kama hewa ina vumbi, ndo akakutana na hizi spora kwenye maji ya majani makavu hazifi. Mwaka 1877 akaja na akili ya kuchemsha leo, kuacha ziamke, kuchemsha kesho, na kesho kutwa. Mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Weka kwenye utangulizi, ila mama mdogo asiifanye kwa maziwa ya kuuza, zile zinazochelewa kuamka zinapita katikati.

Binti_Chuno:
Naiweka. Mwenye kyuveti ya kwatzi Mtwara hapa anayeweza kuniazima kwa wiki moja aje inbox, naacha kitambulisho.

Mkemia_Mnazi:
Njoo inbox, ninayo moja ina mkwaruzo upande mmoja lakini pande zake nyingine ni safi. Uishike kwa juu, sio katikati, alama za vidole nazo zinawaka kwenye UV.